Kufundisha Kiingereza China: tuanze kutafuta kazi mwezi gani? Mkataba wangu unaisha Desemba

MwalimuMoro (Oktoba 2025)

Habari za muda huu wakuu. Naombeni msaada kwa wanaoijua China, hasa waliofundisha kule.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, shule binafsi hapa Morogoro, naingia mwaka wa 5 sasa na mkataba wangu unaisha tarehe 31 Desemba. Mke wangu yeye kazaliwa Leicester, wazazi wake watu wa Unguja, pasi yake ya Uingereza na digrii yake ya biashara kaichukulia huko huko. Hajawahi kuajiriwa kufundisha ila hapa mtaani anawafundisha watoto Kiingereza jioni na wanampenda sana. Tumekaa tukaongea tukaona tukajaribu maisha China miaka miwili mitatu, yeye afundishe Kiingereza mimi nifundishe hesabu, na nikikosa hesabu hata Kiingereza sio mbaya maana hizo hesabu zenyewe nazifundisha kwa Kiingereza.

Sasa kuna wakala tumempata WeChat, anasema nafasi ni nyingi mno wakati huu, tuondoke Januari mwanzoni kwa viza ya biashara alafu tukishafika atatubadilishia iwe ya kazi ndani ya mwezi mmoja. Anasema tukingoja mpaka mwaka mpya wa Kichina upite nafasi zitakua zimeisha. Anataka jibu wiki hii na nauli ni juu yetu.

Mimi nilikua nataka niage shule Desemba hii hii maana kwetu mwaka wa shule unaanza Januari, sitaki nianze na wanafunzi wa Form Four alafu niwaache katikati. Mke wangu moyo wake unasita. Kwa hiyo swali langu hasa ni hilo la muda, kazi za kufundisha kule zinatafutwa mwezi gani na mtu anatakiwa aanze lini ili asikimbizwe kimbizwe hivi?

---

Bi_Sichuan

Kaka, wifi yangu yuko sawa kusita, msikilize.

Mimi ni wa Mombasa kwa kuzaliwa, nina pasi ya Canada, nimefundisha Chengdu miaka 6 kuanzia 2019, kwa hivyo hili la majira nimelipitia mwenyewe.

Kwanza hio viza ya biashara itoe kichwani kabisa. Ya kazi ni Z, na utaratibu wake ni kwamba shule inakuombea barua ya idhini ya kazi ukiwa bado kwenu, barua ikitoka ndio unaipeleka ubalozini, unapewa Z, unapanda ndege. Mtu anaekuambia uje kwanza mambo yatatengenezwa ukifika, yeye ameshalipwa kwa kukuleta na wewe ndio utakaebaki na shida.

Sasa muda. Mwaka wa shule wa China unaanza tarehe 1 Septemba au karibu na hapo. Muhula wa kwanza unakwenda mpaka Januari, kisha wanafunga kwa ajili ya Chunjie, yaani huo mwaka mpya wao, na kwa vile unafuata mwezi tarehe yake inahama. Mwaka huu 2025 ilikua Januari 29, mwakani itakua Februari 17. Imechelewa, kwa hivyo muhula wa pili nao utasogea, shule nyingi mtaziona zinafungua karibu na mwanzo wa Machi. Muhula huo unaisha mwisho wa Juni au wiki ya kwanza ya Julai.

Nyinyi mkitua mapema Januari mtakuta nini? Watoto wako kwenye mitihani ya mwisho wa muhula, walimu wako mbioni kumaliza, na wiki mbili tatu mbele kila mtu anatafuta tiketi ya treni arudi kwao. Ofisi zinafungwa, mwenye muhuri wa shule amekwenda kijijini kwa wazazi wake, na simu yako ataipokea lakini hawezi kukufanyia lolote. Mtakaa hotelini mwezi mzima mkila akiba.

Milango ya kuingia ni miwili. Mkubwa ni ule wa Septemba. Shule wakisharudi kutoka Chunjie, mwezi wa Machi hivi, wanawauliza walimu wageni walionao nani anaendelea na nani anaondoka, wakijua mapengo yao ndio matangazo yanaanza kumwagika. Aprili na Mei ndio moto wenyewe. Juni bado zipo lakini unachagua kwenye yaliyobaki, na Julai ukiwa huna mkataba, karatasi zako haziwezi kuwahi isipokua kwa bahati. Mlango mdogo ni ule wa Februari na Machi, unaotafutiwa kuanzia Novemba mpaka Januari kabla hawajafunga. Zipo kazi nzuri hapo, sisemi hazipo, mwalimu anaweza kuugua au kuolewa au kurudi kwao. Lakini mikataba mingi ni ya mwaka kuanzia Septemba kwa hivyo nafasi ikiwa wazi katikati ya mwaka lazima uulize huyu aliyekuwepo kaondoka kwa nini, na uombe kuongea na mwalimu mgeni mwengine wa hapo hapo bila ya meneja kuwepo kwenye simu.

Vituo vya masomo ya ziada vyenyewe vilikua vinaajiri mwaka mzima, lakini tangu serikali ilipotoa sera yake ya kupunguza mzigo wa wanafunzi Julai 2021 vingi vimefungwa au vimegeuka kitu chengine. Na chekechea nako kumepungua, watoto wenyewe hawazaliwi kama zamani, 2016 walizaliwa karibu milioni 18 na 2023 walikua milioni 9 tu. Kwa hivyo ile habari ya nafasi ni nyingi mno, kwa sasa sio kweli kwa kila mahali, na mwenye karatasi safi ndio anaechaguliwa.

Wifi kwa pasi yake na digrii anakubalika. Lakini hana uzoefu wa kuajiriwa kufundisha wala digrii yake sio ya ualimu au lugha, kwa hivyo anahitaji cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, kisipungue saa 120. Aanze sasa hivi, Novemba mpaka Januari anakimaliza bila presha. Na achukue kinachotolewa na chuo cha Uingereza ili kikagongwe apostile, yaani muhuri wa kukifanya kitambulike nchi nyengine, pamoja na digrii yake kule kule. Hili la apostile limekua rahisi, kwa China mkataba wake umeanza kutumika tarehe 7 Novemba 2023, kabla ya hapo sisi tulipitia wizara kisha ubalozi na kila dirisha na ada yake.

Jambo moja tu asilifanye mapema, cheti cha polisi cha tabia njema. Digrii haichachi, cheti cha polisi kinachacha, wengi wanataka kisizidi miezi 6. Mimi nilijifanya mtu wa kujipanga, nikakichukua Novemba 2018. Kazi niliyoitaka ikapatikana Mei, karatasi zikaenda kuwasilishwa Juni, nikaambiwa hiki kimepita muda. Nikaanza upya, wiki 5, na ile shule niliyoipenda wakampa mtu mwengine. Nililia siku nzima. Wifi akichukue akishapata shule.

---

Fizikia_Ningbo

Mkuu MwalimuMoro, mimi Mtanzania mwenzako, nafundisha fizikia Ningbo kwenye shule ya lugha mbili yenye mitaala ya Cambridge, huu mwaka wa tatu. Aliyosema dada hapo juu kuhusu mkeo ni sahihi, ila kwako wewe kalenda ni nyingine kabisa na naona hakuna aliyekuambia.

Shule zenye mitihani ya Uingereza ya IGCSE na A Level zinaanza kutafuta walimu wa masomo mapema sana. Oktoba, Novemba wanaanza kuuliza walimu wao kama wanabaki, Novemba mpaka Februari wanasaili, na ikifika Aprili shule nzuri zimeshajaza hesabu na sayansi, zilizobaki ni zile zilizokimbiwa. Kwa hiyo wewe wakati wako ndio huu, mwezi huu, wakati mkeo bado anasoma TEFL yake. Kazi yenyewe itaanza Agosti mwishoni lakini mkataba unasainiwa Januari, unaelewa? Ndio maana mtu wa Januari anaekuambia njoo tu anakuchanganya, Januari ni mwezi wa kusaini ukiwa kwenu.

Sasa lile la kwamba ukikosa hesabu utafundisha Kiingereza, naomba uliache ndugu yangu. Kufundisha Kiingereza kama lugha wanataka raia wa nchi ambayo Kiingereza ndio lugha ya kuzaliwa nayo, na matangazo yanaziorodhesha bila aibu: Uingereza, Marekani, Canada, Australia, New Zealand, Ireland, Afrika Kusini. Kuna watu wenye pasi nyingine wamepita kwa sababu digrii wameisomea kwenye nchi hizo, lakini wewe umesomea nyumbani, usiweke matumaini hapo. Inauma, mimi Kiingereza changu ni kizuri kuliko cha wenzangu wawili hapa ofisini na bado nisingeruhusiwa. Ila kwa fizikia hakuna aliyeniuliza hilo, waliniuliza digrii, uzoefu, na kama najua kufundisha mtihani wa Cambridge.

Kwa kazi ya somo wanataka digrii na miaka 2 ya kazi inayohusiana na hilo somo. Wewe unayo 5, lakini kuwa nayo na kuionesha ni vitu viwili. Barua ya mkuu wako wa shule iandike tarehe uliyoanza na uliyomaliza, cheo, somo, saini, muhuri, namba ya simu inayopokelewa. Yangu ya kwanza ilisema "amekuwa mwalimu wetu kwa muda mrefu na ni mtu mwadilifu". Ikarudishwa. Nikapanda basi mpaka Singida kwenda kumtafuta mkuu wangu wa zamani akiwa amestaafu na shule ina mkuu mpya asiyenijua.

Digrii yako ipitishwe wizarani mambo ya nje alafu ubalozi wa China pale Dar, anza na hilo mapema kwa sababu haliharibiki. Cheti cha ndoa nacho, kihakikiwe RITA, ofisi ya usajili, kabisa, utakihitaji kama mmoja wenu ataenda kwa mgongo wa mwenzake.

Na hapo ndio kuna jambo la kuongea na mke. Shule hizi zinapenda mume na mke wakiajiriwa pamoja, wanatoa nyumba moja badala ya mbili, kwa hiyo kwenye kila imeili taja kwamba mko wawili, wewe hesabu yeye Kiingereza. Lakini mkipata mmoja tu, wa pili anaingia na S1, viza ya familia, na S1 hairuhusu kufanya kazi hata ya saa moja kwa wiki.

Mkifika, kama sio hotelini, mnajiandikisha polisi ndani ya saa 24, na kibali cha kuishi mnakiomba ndani ya siku 30. Shule ya kweli inakua na mtu wa kuwapeleka kote huko.

---

KipKamau_88

Nimesoma hii nikaona nisinyamaze. Mimi ni Mkenya, nilikuwa mwanafunzi kule, mji siutaji. Nilikuwa na viza ya masomo na jamaa mmoja wa kutafutia watu kazi akaniambia kuna chekechea inataka mwalimu wa Kiingereza Jumamosi na Jumapili, pesa mkononi, wote wanafanya hivyo. Nikafanya miezi saba. Watoto walinizoea, kuna kasichana kalikuwa kananishika kidole hiki cha mwisho kila nikiingia hakaachi mpaka tuanze wimbo.

Siku moja mwenye chekechea akaingia darasani amebadilika uso akaniambia kwa Kichina, haraka, toka nyuma. Nilikuwa na chaki mkononi. Mlango wa nyuma nao ulikuwa na askari. Yule mama akawaambia hanijui, eti mimi ni rafiki wa mzazi nimekuja kutembea, na picha yangu ilikuwa imebandikwa ukutani kama mwalimu wa mwezi.

Sheria yao ya kuingia na kutoka iko wazi, kufanya kazi bila kibali ni faini ya yuani 5,000 mpaka 20,000, na ikiwa nzito wanakuweka ndani siku 5 mpaka 15. Mimi nililipa na nikalala ndani, na nikarudi Eldoret bila digrii niliyoendea. Mama yangu alikuwa ameuza ng'ombe wawili ndio nisafiri.

Sasa huyo wako anasema viza ya biashara. Ni kitu kile kile ndugu yangu. Ukiingia darasani na viza ya biashara wewe ni mtu anayefanya kazi bila kibali, na anayejua hilo vizuri kuliko wote ni huyo wakala. Mimi hata kama angenipa Desemba au Septemba singeenda.

---

MwalimuMoro

Ndugu KipKamau pole sana, nimemsomea mke wangu ujumbe wako kwa sauti na sote tulinyamaza. Asante kwa kutuambia.

Nimefanya hivi. Nimemuandikia yule wakala maswali mawili tu, shule inaitwaje na barua ya idhini ya kazi itatoka tarehe ngapi. Akanitumia sauti ya dakika 2 anasema mimi naonekana sina haraka na maisha. Jina la shule hakulitaja. Tumeachana nae.

Alafu nimeenda kwa mkuu wangu, nilidhani atakasirika, akasema yeye afadhali ajue sasa kuliko asikie Januari nimekimbia. Tumekubaliana niongeze miezi 6, nifundishe mpaka likizo ya Juni, Form Four nitawamalizia silabasi kwa kubana vipindi vya Jumamosi na kuna mwalimu wa Form Two ataanza kukaa nami darasani tangu Machi ili awachukue.

Mke wangu kashajiandikisha TEFL, dada yake Leicester ndio atapeleka vyeti kugongwa.

Maswali yaliyobaki. Dada Bi_Sichuan, kama mimi nikipata Januari na yeye matangazo yake yanaanza Machi, si nitakua nimeshajifunga mji mmoja na yeye hajui atapata wapi? Na usaili huo wanafanya saa ngapi, maana tuko nyuma yao masaa 5.

---

Bi_Sichuan

Umefanya vizuri kaka, na mkuu wako Mungu ambariki.

Hilo la mji, tafuteni mji na sio shule. Wewe sasa hivi andikia shule za miji mikubwa yenye shule nyingi, Chengdu, Hangzhou, Suzhou, Guangzhou, Shenzhen, ili ukisaini Januari wifi awe na pa kuchagua Machi na Aprili hapo hapo. Ukichukua kakazi kazuri kwenye mji mdogo wenye shule moja tu ya kukufaa, yeye atabaki na hio moja. Na kabla hujasaini mwambie mwajiri wako mke wangu anatafuta, ana pasi ya Uingereza, anamaliza TEFL Januari. Mara nyingi wao wenyewe watasema tungojee, tutajua mapengo yetu tukirudi Chunjie. Ngojea jibu hilo, lina thamani.

Usaili wengi wanapenda asubuhi yao saa tatu, saa nne. Ni saa kumi ya alfajiri kwenu, saa kumi na moja. Usiombe kubadilishiwa kwa shule ya kwanza, amka. Mimi nilikua natandika shuka jeupe ukutani nyuma yangu, taa mbele ya uso sio juu ya kichwa, na maji ya moto yenye tangawizi ili sauti isitoke ya usingizi. Wifi watamwambia afundishe dakika 10 kana kwamba mbele yake kuna watoto wa miaka 7, asisome karatasi, achukue vitu vya jikoni, embe, kijiko, kikombe, awaoneshe. Hao watoto wenu wa mtaani wa jioni awafanyie mazoezi hayo mpaka Machi.

Kuna wiki ambazo msitegemee jibu lolote: tangu wiki moja kabla ya Chunjie mpaka shule zifungue, na sikukuu ya wafanyakazi siku za mwanzo za Mei. Sekondari za juu ongezeni Juni 7 na 8, ni gaokao, mtihani wao wa kuingia chuo kikuu, mji mzima unanyamaza na hakuna anaefungua imeili. Mtu asipowajibu siku hizo msivunjike moyo mkakimbilia kazi ya pili.

Hesabuni kutoka mwisho. Darasani Septemba 1, kwa hivyo kutua karibu Agosti 20. Z ubalozini mpe wiki mbili. Barua ya idhini ya kazi wiki mbili mpaka nne tangu karatasi zikamilike. Cheti cha polisi, kukichukua na kukigonga, mwezi na zaidi. Hapo tayari umerudi mpaka Mei. Wifi asaini mwisho wa Mei, ikizidi wiki ya pili ya Juni atakua anakimbia.

---

Fizikia_Ningbo

Naongezea moja kwa mkuu. Siku unayosaini, angalia jina la mwajiri kwenye mkataba lifanane herufi kwa herufi na litakalokuwa kwenye barua ya idhini. Kibali kinamtaja mwajiri mmoja, ukipelekwa kufundisha tawi lingine lenye jina tofauti unakuwa unafanya kazi bila kibali hata kama una Z. Rafiki yangu mmoja alipelekwa hivyo kambi ya likizo ya Julai, akadhani ni shule ile ile.

Na ile barua ya uzoefu omba sasa hivi ukiwa bado uko kwenye kiti, omba nakala nne, kila moja na muhuri wa wino.

---

MwalimuMoro

Nimeelewa wakuu. Barua nimeshaiandika rasimu mwenyewe, tarehe zote zipo, kesho Jumatatu asubuhi kabla ya paredi naenda kwa mkuu aisaini, nakala nne. Imeili za kwanza tatu natuma usiku huu ili wazikute asubuhi yao, Suzhou mbili na Chengdu moja. Nitarudi hapa kuwaambia nikijibiwa.